Kisanduku Kinachosema Leo

Sogeeni, wanangu, Nelio huku na Elsa huku, na simu zenu ziwekeni chini, maana pumzi niliyobakiwa nayo haitoshi kugombania masikio ya mtu.

Mashamba ni mepesi kuyasema. Mikorosho ya baba yenu gawaneni nusu kwa nusu, mpaka ni ule mkorosho ulioinama, na nyumba hii ni ya Elsa, kwa kuwa Nelio ana yake Magomeni. Shangazi yenu Celia akivuka Ruvuma kuja kudai kitanda, mpeni. Tumekigombania tangu niolewe na wala hakilaliki.

Lililo zito ni lile dishi uani. Mimi mwenyewe, na digrii yangu ya mawasiliano, niliwaeleza watu wa Msimbati kwamba setilaiti itamwaga vipindi kwenye dishi, dishi litavitia kwenye kisanduku, na yeyote atakayekaa uani kwetu na simu yake atavichota bila bando. Akiwa na swali, litapanda kwa mtandao wa mnara, na jibu litashuka na vipindi vya siku nyingine. Na ilikuwa kweli. Wanawake wakahamishia hapa kubangua korosho, na siku nesi wa kipindi cha afya alipomtaja Veronika kwa jina, akimjibu kuhusu mguu wake, jirani yetu huyu alicheka mpaka korosho zikaungulia motoni.

Kisha wenye mradi huo wa setilaiti wakapiga hesabu, wakaona kijiji hakilipi, wakahamisha matangazo yao bila hata kuaga. Dishi likabaki kuitazama mbingu kama sufuria la njaa, ila kisanduku kikawa na vipindi vya mwisho kilivyovimeza, kinavirudia na kuvirudia, na yule mtangazaji wa hali ya hewa hataji tarehe, anasema tu leo. Leo bahari imetulia.

Kabla sijapelekwa hospitali nilikwambia, Nelio, kizime, waambie watu kimekufa. Ukanijibu, "Mama, mtandao unarudi, kuwa na subira." Kumbe umekiunganisha na spika ya duka lako hapa uani, maana wanaokuja kusikiliza hununua soda na kuchaji simu. Filipo wa Veronika akapita na kasia begani, akasikia leo imetulia, akaamini, kwa kuwa kisanduku hiki hakijawahi kumdanganya mama yake. Bahari ilirudisha kasia tu.

Sikulaani. Laana haimtoi mtu majini. Lakini Veronika hajui kuwa ni marudio, Nelio. Kila alasiri anakuja, anaketi mahali pake, anabangua, anasikiliza utabiri uleule uliommaliza mwanawe, na jana nimemsikia kwa masikio yangu akisema, "Afadhali leo imetulia, labda watamwona."

Mficha uchi hazai. Nenda kwake, ukae chini, umwambie. Usipeleke mchele, usitafute mzee wa kukusemea. Akikupiga, pigwa, akinyamaza, nyamaza naye. Sidhani kama atakusamehe, na kusema kweli sidhani kama utakwenda, maana nimekulea, nakujua. Asipokwenda, Elsa, uende wewe. Dishi mlishushe, mwanike mihogo ndani yake, walau liwe na kazi ya haki.

Mazishi yangu msiyarushe mubashara. Anayetaka kunizika aje na miguu yake. Na padre asiseme nilikiletea kijiji mwanga. Akianza, Elsa, kohoa.

Nelio, inuka sasa ukazime hicho kitu, nisikie kimya kabla sijaondoka.

Maji... hapana, nilowesheni mdomo tu. Elsa, lete kichwa nikuguse. Mungu wa baba yenu awape chakula na awape ukweli, na pale vitakapogombana... awape... Mpendane hata kwa shida. Mkono wangu uko wapi? Ushike.

Nelio ametoka kitambo, sivyo?

Mbona bado kinasema leo.