Sanduku la Mvule la Protasi

Wapendwa waombolezaji, amahoro, mimi ni Mulamba, mdogo wa marehemu, karatasi hii nimepewa kwa sharti nisichekeshe, basi nitajitahidi.

Marehemu Protasi alizaliwa tarehe 14 Machi 1958 hapa Kigwena, mtoto wa kwanza wa mzee Yonasi na mama Jovita, mwaka 1972, mauaji yalipozuka, tukakimbilia Tanzania, akasoma katika makazi ya wakimbizi ya Katumba hadi darasa la saba, akajifunza useremala, na tarehe 6 Agosti 1983 akafunga ndoa na Beatrisi, wakajaliwa watoto wawili, Rachelle na Melkiades.

Mwaka 2009 alirudi nyumbani, akawa fundi wa majeneza, na mwaka 2014 akajitengenezea la kwake, la mvule, akaliweka sebuleni liwe benchi, na wengi wenu mmelikalia mkinywa chai. Kila Jumatano ya Majivu, akirudi kanisani na jivu kwenye paji la uso, alilifungua, akalala humo kidogo, akasema, "Bado linanitosha," akatoka kula.

Melkiades aliponunua makochi, benchi lile likamtia aibu, likatupwa bandani kwa kuku. Marehemu alipougua figo, Oktoba mwaka jana, neno kifo lilipigwa marufuku nyumbani, kila akiomba azikwe katika sanduku lake anajibiwa, "Papa, usiseme hivyo, utapona." Hakupona, alifariki tarehe 3 Februari 2025, saa nne asubuhi.

Ndipo likaja kutoka Bujumbura jeneza jeupe lenye dirisha na taa, la kuchajiwa kama simu, Melkiades akasema, "Hii iko ya kisasa," na nyuma yake mpiga picha, ambaye leo asubuhi alimwambia mjane, "Mama, lia tena kidogo, picha haikutoka." Nimepanda jukwaani kuchekesha watu miaka ishirini nikivaa sketi na kuanguka makusudi, uchafu kama huo sijapata kuuona.

Shemeji Beatrisi hakulia, aliinuka, akaenda bandani, akamwondoa kuku juu ya mayai, akaanza kulisugua sanduku, tukamfuata na maji na sabuni, ndiyo maana mazishi yamechelewa masaa mawili, na ndiyo maana walio karibu na jeneza wanasikia harufu kidogo.

Tunawashukuru madaktari, majirani, na mafundi wenzake walionyoosha kifuniko, murakoze. Melkiades, mwanangu, usikasirike, lile jeupe liko barazani, liingize sebuleni, na Jumatano ya Majivu, mwezi ujao, ujipime.

Kaka, bado linakutosha. Lala humo kwa amani.