Kalamu Nyekundu na Mgeni Aliyeondoka

Mama yetu mpendwa, ambaye kazini na nyumbani tulimwita Kalamu Nyekundu, alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, mtoto wa tatu wa seremala na mshonaji. Alimaliza sekondari mwaka 1970, akiwa amewasahihisha walimu wake ubaoni mara nyingi kuliko walivyopenda.

Mwaka 1971 aliajiriwa katika kiwanda cha uchapaji akiwa msahihishaji, akadumu miaka thelathini na saba. Baba alipomwandikia barua ya uchumba, aliirudisha imejaa wino mwekundu. Baba hakukata tamaa, akainakili upya. Walifunga ndoa tarehe 6 Desemba 1975.

Alipostaafu alijiunga na kamusi elezo ya mtandaoni inayoandikwa na watu wa kujitolea. Huko, mwaka 2011, alifanya kosa ambalo hakujisamehe. Mgeni aliyejiita Fundi Saa alileta makala yake ya kwanza, kuhusu kutengeneza saa za ukutani. Marehemu aliifuta yote, akaandika: "Haina chanzo." Mgeni akajibu, "Samahanini kwa kuwasumbua," akatokomea.

Roho ilimuuma. Aliirudisha makala, akaitafutia vyanzo mwenyewe. Tangu hapo hakugusa kazi ya mgeni yeyote kabla ya kumsalimu, kumshukuru na kumwonyesha pa kuanzia. Aliwapokea hivyo watu mia mbili na kumi na wanne. Na kila mwezi alimwandikia Fundi Saa kumwomba radhi.

Figo zilianza kumsumbua Agosti 2022. Wiki ya mwisho hospitalini hakuuliza habari za vipimo. Kila alipofumbua macho alimwuliza kifungua mimba wake, anayewasomea wasifu huu, "Amejibu?"

Jumatano mwana akashindwa kustahimili. "Amejibu, mama."

"Lete simu nisome mwenyewe."

Akamwambia simu imeisha chaji. Ilikuwa mfukoni, nzima kabisa. Mama alimtazama kwa muda mrefu, kisha akafumba macho. Alifariki kesho yake, Alhamisi tarehe 9 Februari 2023, saa nne asubuhi.

Ameacha mume, watoto watatu, wajukuu watano, na wale aliowapokea, ambao baadhi yao wamesafiri na wamesimama nasi hapa, wakionana ana kwa ana kwa mara ya kwanza. Jana mwanawe aliingia kwenye ukurasa wa Fundi Saa, akamwandikia salamu za mwezi huu.

Mama, hajajibu. Mwanao alikudanganya. Mwezi ujao atamwandikia tena, na mgeni mwingine akija, atamsalimu kwanza. Pumzika kwa amani.