Kalenda ya Jikoni ya Rolande Ouellette

Baba paroko, ndugu, jamaa, majirani wa hapa Madawaska na ninyi mliosafiri kutoka mbali, mimi ni Fernande, dada yake Armand, wifi wa marehemu kwa miaka hamsini na siku kumi na moja, na familia imenituma nisome haya kwa sababu wengine wote sauti zimewakauka.

Rolande Marie alizaliwa tarehe 9 Aprili 1949, katika shamba la viazi la wazazi wake, marehemu Léonide Cyr na marehemu Albertine, akiwa mtoto wa nne kati ya tisa. Alisoma hapa hapa, akamaliza sekondari Juni 1967, na kila Septemba shule ilipofungwa watoto waende kuvuna viazi, naye alikwenda, akainama kutwa nzima kama sisi wote, na mpaka uzeeni alishikilia kwamba aliwahi kujaza mapipa sabini kwa siku moja, madai ambayo kaka yake Théo, aliyekaa pale mbele, ameyakanusha hata juzi tukichagua jeneza. Katika mashamba yale hakuna mtoto aliyesema mgongo unauma, maana Septemba kila mtu alikuwa anaumwa mgongo, na aliyelalamika alichekwa mpaka theluji ianguke.

Januari 1972 aliajiriwa katika jiko la shule ya msingi, akaoka skonzi humo hadi alipostaafu Juni 2011, na wengi mlioketi hapa mmelishwa na mikono yake, pamoja na wale mliozoea kurudi dirishani mkidai hamjapata.

Jumamosi tarehe 6 Oktoba 1973 alifunga ndoa na kaka yangu Armand, viazi vikiwa vimekwisha kuingia ghalani, kwa kuwa hapa kwetu hakuna aliyethubutu kuoa kabla ya hapo. Walijaliwa watoto wawili, Lucille, aliyezaliwa tarehe 2 Mei 1976, na Normand, tarehe 19 Novemba 1979, na wajukuu watatu. Oktoba 2007 alikuja Gustave, mbwa, na Baba paroko atanisamehe kumtaja kanisani, lakini miaka kumi na sita ya mwisho ya Rolande haielezeki bila yeye.

Majira haya nyumba yao mliijua kwa harufu, pai za matufaha zikipoa dirishani, nyanya mbichi zimepangwa juu ya magazeti ziive polepole, na jioni yenye dalili ya baridi kali Rolande alikuwa nje akifunika bustani kwa mashuka ya zamani, Gustave nyuma yake akikanyaga kila alichokipanda.

Agosti mwaka huu Gustave alikuwa haoni, hasikii, na miguu ya nyuma imemchoka. Daktari wa mifugo akawashauri waweke kalenda, siku njema ya mbwa waandike duara, siku mbaya waandike alama ya mkasi, mistari miwili iliyopishana, na mikasi ikizidi wamlete achomwe sindano ya kumpumzisha. Rolande akaibandika kalenda kwenye friji, akaifungia penseli kwa uzi, na kazi ya kuandika akaichukua yeye.

Septemba mikasi ikaongezeka, na Armand hakuelewa, kwa sababu mbwa alikuwa anakula, anatikisa mkia, na maganda ya pai hayakumpita. Asubuhi moja nilikuwepo nikamsikia akimwambia, "Mke wangu, mbona unamwonea mzee wa watu? Jana kamaliza bakuli zima." Rolande akamjibu, "Iache kalenda yangu, Armand. Najua ninachoandika." Basi tukamhangaikia mbwa. Armand akawa anamchemshia kuku, mimi nikamletea boga lililopondwa, Lucille kila Jumapili akipiga simu aliuliza Gustave yukoje, na Rolande ndiye aliyembeba kilo ishirini na sita kushuka ngazi kila asubuhi, kwa kuwa magoti ya Armand hayafai. Mwisho Armand alishindwa kubishana na kalenda, akampangia mbwa sindano, Alhamisi tarehe 12 Oktoba.

Tarehe 6 Oktoba waliadhimisha jubilei yao ya miaka hamsini, na keki aliioka mwenyewe, akakataa msaada wetu. Jumatatu tarehe 9, akipanda vitunguu saumu, aliinama akashindwa kuinuka, na Armand akampeleka hospitali. Daktari alipouliza maumivu yalianza lini, Rolande alimtuma mumewe nyumbani akailete kalenda ya jikoni, nasi tukadhani homa imempanda kichwani. Alipoipata alimkabidhi daktari, akasema, "Mbwa hajaumwa hata siku moja. Hiyo mikasi ni yangu."

Ilikuwa saratani ya kongosho, imekwisha kufika kwenye ini. Tulimuuliza kwa nini hakusema, akatuambia alisubiri kwanza nyanya ziishe, halafu jubilei ipite. Hatukuwa na la kufanya ila kukaa, na tulikaa, mpaka Jumanne tarehe 17 Oktoba 2023, saa nne na dakika ishirini asubuhi, alipofariki akiwa na umri wa miaka sabini na minne. Gustave yu hai, anakula vizuri, na Armand hajui atamshusha vipi ngazi.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliofunika bustani yake kwa mashuka alipokuwa kitandani bila kuombwa na mtu, na wenzake wa jikoni mliooka mikate ya leo.

Jana tulipokuwa tukiandika historia hii, mimi na watoto tuliweka kwamba aliugua kwa muda mfupi. Armand akaukata mstari huo kwa kalamu. Alisema, "Hakuugua kwa muda mfupi. Niliziona alama kila asubuhi nikimimina kahawa, nikakaa kumtetea mbwa." Ameomba tarehe zisomwe hapa, kwa sauti, zote, nami nazisoma.

Agosti, tarehe 24, 27, 30 na 31. Septemba, tarehe 2, 3, 6, 9, 10, 11, 14, 15, kisha kuanzia 17 mpaka 30 bila kuruka hata siku moja. Oktoba, tarehe 1, 2, 3, 4, 5. Tarehe 6, siku ya jubilei, aliweka duara. Tarehe 7, mkasi. Tarehe 8, mkasi.

Lala kwa amani, wifi. Tumezisoma.