Nsansa za Mama Bernadetha

Wasikilizaji wapendwa, popote mlipo, Mpanda mjini, Katumba, Kibaoni na vijiji vyote vinavyotupata, punguzeni moto chini ya sufuria, msogee karibu. Leo tunamkumbuka Mama Bernadetha Kija, wa kijiji kimoja nje kidogo ya Kibaoni. Mama Bernadetha ametutoka. Alikuwa mkulima, na kwa nsansa hakuwa na mpinzani. Kwa wasiozijua, nsansa ni majani ya kunde yanayochemshwa kidogo, yakakaushwa, yakawekwa akiba ya kiangazi.

Alikuja huku akiwa binti, akiswaga ng'ombe wa baba yake kutoka Usukumani. Ng'ombe wakaisha, mmoja mmoja, kwa ukame na magonjwa. Akabaki na mwanawe wa pekee, Nkwabi, na shamba dogo, na ng'ombe mmoja tu wa maziwa. Jina lake Mabaka. Mlishike hilo jina.

Nkwabi akaoa. Akamleta Evaline, binti wa Mpanda mjini, kucha zimepakwa rangi. Evaline anasimulia mwenyewe, anacheka huku anajifuta machozi: "Siku ya kwanza niliwekewa ugali wa dona na nsansa. Nikasema moyoni, jamani, nimeolewa au nimefungwa?"

Alitaka sembe, ule unga mweupe uliokobolewa. Alitaka wali na soda. Mkwewe hakumgombeza. Alimwambia, "Utazoea tu, mke wa mwanangu," akaendelea kutwanga karanga zake.

Akazaliwa Mercy. Alipoachishwa ziwa, mtoto akaanza kufifia. Nywele zikawa nyekundu, miguu ikavimba, hata kulia akawa halii. Jamani, mtoto asiyelia anatisha. Hospitali wakamtibu, wakamrudisha nyumbani na maagizo: alishwe vizuri. Kwa hela gani? Evaline akakaa chini mlangoni, akalia.

Mama Bernadetha alimchukua mjukuu, akamweka mapajani. Uji wa dona, karanga zilizotwangwa, maziwa ya Mabaka. Kesho tena hivyo hivyo. Majani mabichi yalipokuwepo, mboga mbichi. Yalipokwisha, nsansa. "Hela hatuna," alisema, "lakini shamba si tunalo?"

Evaline anazikumbuka saa zile za mchana kama kitu alichokiota. Kivulini pametandazwa majani juu ya mikeka. Harufu ya karanga kikaangoni. Bibi anaimba taratibu kwa Kisukuma, maneno Evaline hayajui, mkono wake unageuza majani, unageuza tena. Mercy amelala. Hata kuku wamelala. Na siku moja, hivi hivi, Evaline akapitisha vidole kwenye kichwa cha mwanawe, akaona nywele nyeusi zinaota. Tangu siku hiyo akaomba afundishwe kukausha.

Bibi alipoanza kuugua, alimwita Evaline na Nkwabi. Neno lake lilikuwa moja. "Mabaka asiuzwe, wala asichinjwe. Hata kwenye msiba wangu. Maziwa yale ni ya mtoto."

Wasikilizaji wapendwa, mnaijua misiba yetu. Watu wakajaa. Akaja pia Mjomba Manyanda, kaka wa marehemu. Alipoona magunia yaliyoko ndani ni ya nsansa, akawaka. "Dada yangu azikwe watu wakila majani? Aibu gani hii? Na huyo ng'ombe pale yupo wa nini?" Nkwabi akainamisha kichwa. Mjomba ni mjomba. Nkwabi akaenda kuifungua kamba ya Mabaka.

Evaline alikuwa ndani na akina mama, mkekani, uchovu umemzidi. Akasinzia. Akaona shamba la kunde lisilo na mwisho, mvua inanyesha bila sauti. Mama Bernadetha amekaa katikati, anageuza majani. Hakusema kitu. Alimnyooshea tu konzi moja ya nsansa. Ndipo Mabaka akalia huko nje, na Evaline akazinduka.

Alitoka mbio, kanga inaburuzika, akasimama mbele ya ng'ombe.

"Baba Mercy, mama alisema nini?"

Nkwabi akaitazama kamba mkononi mwake.

Evaline akapiga magoti. "Shikamoo, mjomba. Nisamehe. Tukimla Mabaka leo, kesho Mercy atakunywa nini? Nipeni nafasi nipike. Msiposhiba, mchukueni."

Weee! Wanaume wakatazamana. Mjomba akasema, "Haya, pika tuone."

Akapika. Nsansa zililowekwa, zikaoshwa, zikachemka polepole na karanga mpaka mchuzi ukawa mzito. Majirani wakaleta dagaa, wakashika mwiko, wakasonga dona. Vilipoiva, Mjomba Manyanda akatengewa wa kwanza. Akamega tonge, akachovya, akala. Akaacha kutafuna. Watu wote wanamwangalia.

"Hivi ndivyo alivyokuwa anatupikia malishoni," alisema. "Huyu ni dada yangu kapika." Akalia pale pale, mkono bado una ugali. Kisha akamgeukia Nkwabi: "Kamfunge ng'ombe mahali pake. Jioni mtoto atataka maziwa."

Pole sana, Nkwabi. Pole, Evaline. Pole, Mjomba Manyanda, na ukoo wote wa Kija. Mungu amlaze Mama Bernadetha pema. Na sisi tuliobaki tujiulize, tena leo hii kabla ya kupakua: kuna nini shambani mwetu tunachokionea aibu, na mtoto wetu anakihitaji?

Evaline amepanda kunde msimu huu. Mabaka yupo, Mercy anakimbia uani. Evaline anasema mchana, akisinzia, bado anamwona mkwewe mkekani, anageuza majani, hasemi kitu.

"Zamani nilikuwa namtazama tu," anasema. "Siku hizi nasogea, nakaa naye, tunageuza wote."