Chupa ya Kitambaa Chekundu: Maisha ya Sefania Kristian Shechambo

Mchungaji, wazee wetu, shikamooni, na ninyi waombolezaji wote poleni, mimi ni Raheli, dada yake marehemu, na haya nimeyaandika na ninayasoma mwenyewe, kwa sababu ni yeye aliyenisukuma niingie darasa la watu wazima pale kanisani, akisema dada, usipojua kusoma chupa ya dawa ya nyanya, ipo siku utatuulia watoto.

Sefania alizaliwa tarehe 9 Aprili 1981 hapa Soni, akasoma shule ya msingi hapa hapa mwaka 1989 mpaka 1995, akalima nyanya na kabichi na baba yetu, mzee Kristian, mpaka 2004 alipoteremka Pangani kutunza bustani ya hoteli. Huko alijifunza kusimama juu ya ubao na kuteleza na mawimbi, akifundishwa na Idd na Mwanasha, ambao leo tuko nao, nao wanasema mwezi wa kwanza alikunywa maji ya chumvi mengi kuliko chai, wakambatiza jina Kabichi.

Mwaka 2008 alifunga ndoa na Beatha wa Bungu, wakajaliwa Alen na Evodia.

Agosti 2011, akiwa kwenye mawimbi karibu na mdomo wa mto Pangani, kitu kikamgonga kifuani, kumbe chupa ya dawa ya mboga, shingoni ina kitambaa chekundu, na hapa kijijini anayefunga hivyo ili watoto wasiiguse ni baba peke yake. Mto wetu unaingia Mkomazi, Mkomazi unaingia Pangani, na Pangani unamwaga maji baharini pale pale alipokuwa mwanawe. Akapanda basi mpaka hapa nyumbani, akaiweka chupa mezani mbele ya baba, ambaye sisi tunamwita tate.

"Shikamoo tate. Chupa yako hii."

"Marahaba. Si nilishaitupa mtoni?"

"Ndiyo, tate. Imenifuata."

Ugali ukapoa, lakini asubuhi baba alitundika shambani gunia la kuwekea chupa tupu. Mwaka uliofuata Sefania akarudi nyumbani moja kwa moja, akazunguka shamba kwa shamba na magunia, wengine wakimwambia bahari imemharibu kichwa, naye anacheka tu, anaacha gunia. Kila masika yakiisha, wenzake wa Pangani walipanda huku, mbao zao juu ya basi, watu wakiuliza kama ni za dari, kumbe wanazipeleka kwenye madimbwi ya chini ya maporomoko ya hapa Soni, wanaelea nazo na kubebea takataka.

Figo zilianza kumsumbua Novemba 2023, akatibiwa Lushoto, kisha Moshi, akafariki tarehe 2 Juni 2025. Siku mbili kabla, alimuuliza Idd kama chupa bado zinafika ufukweni.

"Chache, Kabichi."

"Usinidanganye, mgonjwa hadanganywi."

"Zinafika. Ila za kitambaa chekundu sijaziona tena."

Akatabasamu, akageukia ukutani, akalala.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliopika na kukesha, wakulima wenzake, na ninyi wa Pangani mliokuja na ubao wake. Pale getini baba ametundika gunia, amelifunga kitambaa chekundu, basi chupa za maji mnazokunywa leo tuwekeeni humo, maana mkizitupa ovyo, mvua ikinyesha zitafika kwa Idd.

Mdogo wangu, pumzika kwa amani, mto tunao sisi.