Matone ya Sajini

Benchi la mbele ya kanisa pale Pijao, mji mdogo wa milimani, lina wenyewe. Doña Nohemí, mama muuza kahawa, akishapanga chupa zake asubuhi, Profesa anakaa kulia. Huyu anauza tiketi za bahati nasibu na hajawahi kufundisha hata kuku. Katikati anakaa Mbuzi, fundi wa magari ya jeep mwenye ndevu chache za kidevuni. Kushoto ni pa Sajini Hermógenes, polisi mstaafu, na pahala pake palikuwa patupu wiki sita. Alikuwa anaumwa uso. Upepo ukimgusa shavu tu, alijikunja kama aliyeshika waya wa umeme. Jumanne hiyo akatokea, akaketi, akaagiza kahawa na mkate wa jibini. Akaanza kutafuna.

— Jamani, anatafuna! akasema Profesa.

— Namwona, mimi si kipofu. Sajini, umepona? akauliza Mbuzi.

— Nimepata nafuu.

Njia nzima alikuwa amejiapiza asiseme zaidi. Aliwajua hawa: siri ukiwapa asubuhi, mchana inauzwa sokoni.

— Lilikuwa jino, niliwaambia, akasema Profesa.

— Meno waling'oa matatu, akasema Sajini. Yote mazima.

— Basi la nne ndilo lenye kesi.

— Jino wapi! Mbuzi akadakia. Huyu alitoka kupiga pasi, akafungua friji. Baridi ikamvaa usoni.

— Sajini apige pasi? akasema Profesa. Huyo hata soksi anavalishwa na mkewe! Sikia, ni ule mnara wa simu. Mawimbi yanatafuta chuma, na yeye ana jino la dhahabu. Uso wake ulikuwa unapokea simu za watu.

— Za nani?

— Za mama mkwe wake. Ndiyo maana alikuwa analia.

Doña Nohemí akaingilia:

— Mwacheni mzee wa watu anywe. Mkewe kaniambia ni matone yaliyomsaidia.

Kahawa ikampalia Sajini.

— Matone ya nini? akauliza Mbuzi.

— Ya daktari.

— Daktari ana ya macho, ana ya masikio. Yako ya nini?

Sajini akatazama njiwa. Alihoji watu maisha yake yote. Hakujua kuhojiwa kunatoa jasho hivi.

— Ya bangi, akasema kama yuko kwa padri.

Profesa nusura aanguke. Mbuzi akasimama, akapiga saluti.

— Miaka ishirini na mbili unatunusa mifuko ya suruali, kumbe mwenzetu ulikuwa unatafuta dawa!

— Ni mafuta, yana kibali. Matone manne chini ya ulimi. Sioni maruweruwe, sicheki ovyo.

— Hucheki? Basi wamekupa feki, akasema Profesa.

— Chekeni ninyi. Mimi nilikuwa najifungia bafuni na taulo mdomoni, mke wangu Lucila asinisikie. Mara arobaini kwa siku. Mjukuu akija kunibusu, namkwepa, mtoto analia. Daktari akasema ni mshipa wa fahamu wa usoni. Vidonge peke yake havikutosha, akaongeza matone. Hayajamaliza kazi, msidhani. Lakini sasa ni mara nne, mara tano. Jana mjukuu kanibusu. Hapa.

Akagusa shavu, taratibu.

— Bibi yangu Eduvina alikuwa na mmea mmoja, akasema Mbuzi. Nyuma ya jiko. Majani alikuwa analoweka kwenye pombe kali, anajipaka magoti.

— Nakumbuka, akasema Sajini.

— Mlikuja watatu na bunduki. Watatu! Kwa mmea mmoja!

— Ilikuwa sheria, Mbuzi.

— Mwenzako akapiga picha nao kama kavua samaki.

Profesa akaingilia:

— Mimi nasema ni mmea uleule. Ulikasirika, ukamngoja miaka kumi na tano, ukamwingia shavuni.

— Na sasa mbona unamtibu? akauliza Mbuzi.

— Umeridhika. Mimea si kama watu.

Pembeni alikuwa amekaa mwanamke mgeni, kapu la kuku miguuni, anangoja gari la jeep la kupanda milimani.

— Samahani, mie napita tu, akasema. Mmea ulipong'olewa, huyo bibi alijipaka nini?

Mbuzi akatazama viatu vyake. Baada ya siku ile alikuwa ameenda jijini Cali kutafuta kazi. Doña Nohemí akamimina kahawa ambayo hakuna aliyeiagiza. Sajini akakumbuka fomu aliyoijaza siku ile: idadi ya mimea, urefu, saa. Magoti hayakuwa na mahali pa kuandikwa.

— Yu hai? akauliza.

— Ana miaka tisini na moja, akasema Mbuzi. Anaishi palepale, huko juu milimani. Na hajakusahau, usijidanganye.

Gari likapiga honi. Sajini akavaa kofia, akabeba kapu la yule mwanamke, akapanda nyuma.

— We mzee! akapiga kelele Mbuzi. Utamwambia nini?

— Sijui. Nitaanza na shikamoo.

Mbuzi akamtazama, akatua kikombe chake bado kimejaa, akakimbilia gari.

— Sogea huko! Bibi ana fimbo, na wewe uso ndio kwanza unapata nafuu.