Mama Prudence na Mvule wa Kabondo

Ndugu na majirani mliokuja kulia pamoja nasi, mama yetu Prudence Kasoki alizaliwa Butembo tarehe 9 Agosti 1976, binti wa papa Émile, muuza vitenge, aliyemleta Kisangani mwaka 1985, akasoma shule hapa Kabondo, kisha chuo kikuu, alikomaliza masomo ya miti mwaka 2001.

Tarehe 12 Julai 2003 alifunga ndoa na papa Liévin, Mungu akawajalia Jemima, Arsène na Benie, na mwaka 2005 akaanza kazi ya kuangalia miti ya mji, flamboyant na mikaratusi iliyoletwa kutoka mbali, pamoja na mivule na limbali za msitu wetu, ambazo alizipenda mno, hata ua wa nyumbani ukajaa miche, papa Liévin akakosa pa kuweka pikipiki.

Kwa hiyo ilimuuma alipogundua, Septemba 2025, kwamba mvule mkubwa wa mtaa wetu umeoza ndani na kuinamia nyumba, akaomba ukatwe, watu wakamkasirikia, wakasema amesoma mpaka anachukia mali ya mababu, wengine wakaacha kumsalimia.

Asubuhi ya tarehe 18 Oktoba, wakataji, wenzake wa kazini, wakiwa bado wanafunga kamba, upepo wa mvua ulitokea upande wa mto, shina likaanza kulia, majirani wakakimbia, isipokuwa Mama Bonheur, mjane wa nyumba ya chini yake, na Prudence akamfuata ndani.

“Mimi sitoki,” Mama Bonheur alisema. “Miti ya Wazungu ndiyo inaangukaka, huu iko wetu!”

“Ni wetu, mama, lakini umekufa ndani. Toka, nakuomba!”

Alimshika mkono, akamvuta, akamsukuma nje ya mlango, ndipo tawi likapasua bati na kumwangukia Prudence mgongoni.

Hakutembea tena. Mama Bonheur alimpelekea pondu, mboga ya majani ya muhogo, kila mchana, akamlisha kwa mkono wake, hadi homa ya mapafu ilipomchukua tarehe 3 Februari 2026, hospitalini Makiso, akiwa na miaka 49.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliopigana hadi mwisho, wenzake wa kazini waliombeba siku ile kwenye mvua, na majirani, hata wale waliochelewa kuja, maana walikuja.

Neno moja limebaki. Siku ya mwisho aliyoweza kuongea, alimwambia Jemima: “Flamboyant wa karibu na kisima umelegea mizizi. Waambie watu wahame, wasiningoje mimi.” Familia tatu bado zinalala chini yake, ziko hapa nasi, na mawingu mnayaona.

Pumzika kwa amani, Mama Prudence. Tukitoka makaburini, tunakwenda kubeba vitanda vyao.